Ngozi Kavu ya Mzee Yusto

Jumatano, 3 Septemba

Gari nimelipata! Krauni nyeusi ya Mzee Yusto, viti vya ngozi halisi, iko hapa Nyasho kwenye sehemu yangu ya kuoshea magari, siyo ng'ambo ya barabara kwa Mwikwabe. Nimeizungushia kamba ili wapita njia wajue ni mgeni wa heshima.

Niandike vizuri ilivyokuwa. Mzee Yusto ni bwana mifugo, na ndiye baba yake Stellah. Stellah ndiye ninayetaka kumuoa. Mzee hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kila Stellah akigusia habari ya wazee wangu kuleta barua ya posa, Mzee anasema tumalize jubilei kwanza. Jubilei ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tatu. Yeye na Mama Petronila wanatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa, misa ni kanisani, kijijini kwao Butiama, na gari hili ndilo litakalowapeleka. Stellah amenionya kwamba baba yake humpima mwanaume kwa jinsi anavyotunza kitu cha mwenzake.

Siku zote Mzee anapelekaga gari kwa Mwikwabe. Mwikwabe ana cheti cha Mwanza cha kutunza viti vya ngozi, kakiweka kwenye fremu na kukitundika kama picha ya harusi. Leo alikuwa na foleni. Mzee akasimama upande wangu kuuliza kama foleni ile itaisha mapema. Nikasema haiishi leo. Halafu, sijui shetani gani alinisukuma, nikasema hata mimi nimesomea ngozi. Akauliza wapi. Nikasema Nairobi. Nairobi! Mimi mwisho wangu ni Sirari, mpakani, na nilienda kununua sukari.

Mzee akafurahi. Akasema viti vimekauka, vimeanza kupasuka kama kisigino, nitafute mafuta ya ngozi mazuri nivipake. Yeye anakwenda vijijini kwenye chanjo ya ng'ombe mpaka Alhamisi ijayo, na pikipiki ya ofisi. Akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Mafuta ya ngozi. Ni hilo tu? Ngozi ni ngozi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda Bunda na kurudi. Hapa Musoma nisingethubutu kununua. Nyasho nzima ina macho, na Mwikwabe angejua ndani ya dakika kumi kwamba msomi wa Nairobi anazunguka madukani kuuliza.

Karibu na stendi ya Bunda kuna duka la vipodozi la dada mmoja anaitwa Jeska. Nje pameandikwa MAFUTA YA NGOZI ZA AINA ZOTE. Nikasema hapa ndipo.

Jeska akauliza ni ngozi ya nani. Niliona aibu kueleza mambo ya kuosha magari. Nikasema ya baba mkwe. Siyo uongo, ni yake. Akauliza ikoje. Nikasema kavu. Imepasuka? Imepasuka, hasa sehemu ya kukalia. Akanitazama kidogo. Akauliza kama mzee anashinda juani. Nikasema kutwa nzima. Na anapata kupumzika? Nikamwambia apumzike saa ngapi, watu wanamkalia kila siku, Jumapili wanamkalia wanne kwa mpigo. Jeska akasikitika mpaka akaacha kutafuna bigijii. Akasema kuna wazee wanateswa sana na familia zao.

Akanipa mafuta ya kawaida. Nikayarudisha. Nikasema nataka ing'ae, kuna jubilei, kila mtu aone. Akaingia nyuma ya pazia, akarudi na makopo mawili yasiyo na maandishi. Anachanganya mwenyewe. Akaapa kwamba ndani ya siku tatu mzee atang'aa mpaka mke wake ashindwe kumtambua. Ila nisimweke juani baada ya kumpaka. Nikaitikia haraka haraka, gari la kurudi lilikuwa linapiga honi.

Kitu kimoja nilikiona nikakipuuza. Uso wa Jeska ni mweupe pee, lakini viungo vya vidole vyake ni vyeusi tii. Nilidhani ni masizi ya jikoni.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimepaka! Kopo zima viti vya mbele, kopo zima kiti cha nyuma. Nimesugua kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Jamani, kung'aa kule! Na harufu! Gari linanukia kama bibi harusi.

Nimefungua milango yote minne ili Mwikwabe aone vizuri. Nikavuta kiti changu, nikakaa na kukunja nne. Haikuchukua muda, akavuka barabara. Akachungulia, akauliza nimetumia nini. Nikamwambia hiyo ni siri ya kazi. Kwa upole wake ule unaoudhi, akasema yeye kabla ya kupaka kitu chochote hujaribia kwanza mahali pasipoonekana, chini ya kiti, halafu husubiri siku moja. Nikamjibu kwamba kujaribu ni kwa wasio na uhakika. Akasema haya, akarudi kwake.

Nimempa yake! Leo nimempa yake!

Gari nimelisogeza juani na kufunga vioo vyote ili mafuta yazame vizuri. Onyo la Jeska nalikumbuka, lakini yule alikuwa anazungumzia binadamu.

Jumapili, 7 Septemba

Mungu wangu.

Baada ya misa nilipita kuangalia gari. Nilipofungua mlango nikaufunga tena, nikidhani nimefungua la mtu mwingine. Viti si vyeusi! Vimekuwa vya manjano, vimekuwa vya kahawia, vina mabaka mabaka kama ndizi iliyokaa siku nyingi. Mahali palipopita mshono tu ndipo pamebaki peusi. Kila mshono, mweusi tii.

Nikakumbuka vidole vya Jeska. Nikakaa chini pale pale kwenye matope.

Ule ni mkorogo! Nimevipaka viti vya Mzee Yusto mkorogo! Watu wanajichubua wenyewe, mimi nimechubua gari. Gari la bwana mifugo, mtu ambaye kazi yake ni kuangalia ngozi asubuhi mpaka jioni.

Stellah alikuja kutoka kwao Kigera na sahani ya maandazi, anataka kuona viti. Nilisimama mbele ya mlango nimetanua mikono kama golikipa. Nikamwambia dawa bado inafanya kazi, haitakiwi hewa. Akaamini. Akanishika bega, akasema anajivunia mimi, na kwamba mama yake amemaliza kushonesha gauni jeupe lenye lesi mpaka mikononi. Ninaona aibu kuandika kwamba hata hivyo maandazi nilikula yote.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimempigia Jeska. Nikamwambia mzee ametoka mabaka. Akasema hiyo ni kawaida, niendelee wiki mbili nyingine, rangi italingana. Akauliza kama anajikuna. Nikasema hajikuni. Akauliza kama anakula vizuri. Nikasema petroli tu. Akauliza petroli? Nikakata simu.

Mchana nilivuka barabara kwenda kwa Mwikwabe. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia kila kitu. Nikafika mpaka kwenye ngazi yake. Nikaona kile cheti, jina lake kwa herufi za kupinda. Akauliza kazi ya Mzee inaendaje. Nikasema safi kabisa, nimekuja kuomba chenji tu. Akanipa chenji. Nikarudi na chenji yangu na aibu yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata jibu! Lilikuwa miguuni kwangu muda wote. Kiatu ni nini? Ni ngozi. Ngozi nyeusi ikipauka, mtu anafanya nini? Dawa ya viatu!

Nimekwenda Mwigobero kwa Yakobo, fundi viatu pale sokoni, nikanunua makopo yote aliyokuwa nayo. Kumi na manane. Akauliza kama nimefungua shule ya bweni. Nikasema nina ndugu wengi.

Nimeshinda ndani ya gari kwa magoti na brashi mbili. Vioo nimeviziba kwa maboksi. Kitu kinakubali! Mabaka yanazama moja baada ya jingine. Mgongo umekufa ganzi, kucha zimekuwa nyeusi, kichwa kinazunguka kwa harufu, lakini nimeimba nyimbo za kwaya kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Alhamisi, 11 Septemba

Mzee Yusto karudi.

Akaingia kwenye gari kama anavyoingiaga zizini, hana haraka. Akapapasa kiti. Akakifinya. Akakisogelea akakinusa, akauliza mbona kinanuka kama bweni siku ya ukaguzi. Nikasema ni kemikali za Nairobi, zitaisha. Akatoa mkono, kidole kimekuwa cheusi. Nikawahi kusema ni vumbi la huko kwenye chanjo. Akakitazama kile kidole, akakifuta kwa leso.

Halafu akanishika bega. Akaniita mwanangu. Mwanangu! Akasema viti vimekuwa vyeusi kuliko siku alipolinunua gari. Akasema gari nibaki nalo na Jumamosi niendeshe mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiye ninayelijua, na baada ya chakula tutakaa kuzungumza habari ya wazee wangu.

Nilipaswa kusema pale pale. Neno moja tu, Mzee usivikalie. Badala yake nikasema ahsante Baba. Ni mara ya kwanza kumwita Baba.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefanya jaribio. Nimekalia kiti cha dereva dakika tano na suruali yangu ya kaki. Suruali ya kaki sasa ni kitambaa cha kupigia deki.

Kwa hiyo ninajua. Naandika ili isije ikasemwa kwamba nilikuwa sijui. Kesho watu wawili wanaonitakia mema watakaa pale, mmoja kwa gauni jeupe, mwingine kwa suti ya rangi ya maziwa, na mimi ninajua.

Nimetafuta njia. Nitatandika kitenge kwenye kiti cha nyuma, niseme ni heshima kwa maharusi. Kwa upande wangu, nimepiga pasi suruali nyeusi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya Mungu, mapadri wawili, kwaya tatu na ukoo mzima wa Mzee Yusto.

Asubuhi Kigera nilitandika kitenge. Mama Petronila akakitoa. Akauliza nani anafunika viti vya ngozi siku watu watakapotaka kuviona. Nikasema labda vumbi. Akacheka, akaniambia Burito, una aibu sana, akakaa. Nilisikia gauni likigusa kile kiti. Mzee akakaa. Stellah akakaa mbele pembeni yangu, gauni la rangi ya waridi jepesi. Nikawasha gari.

Vioo tulifunga ili nywele za Mama zisijae vumbi. Kiyoyozi cha lile gari kilikufa zamani. Jua la Septemba! Tulipopita Makutano nikaanza kusikia harufu inapanda. Nikatazama kwenye kioo, Mzee anajipepea na kitabu cha misa, Mama anatabasamu, amejiegemeza vizuri kabisa. Mgongo wote! Niliomba tupate pancha. Niliomba ng'ombe wavuke barabara wasimalize. Barabara ilikuwa nyeupe, hata mbuzi hakuna.

Butiama kanisa limejaa mpaka nje. Vigelegele! Mama Petronila akashuka, akamshika Mzee mkono, wakaanza kuingia. Mimi nilikuwa nyuma yao, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona wa kwanza. Sitaieleza ile picha. Niseme tu kwamba gauni lilikuwa jeupe kwa mbele. Kila safu waliyopita, vigelegele vilikatika. Safu ya kwanza kimya, ya pili kimya, huku walio mbele bado wanashangilia kwa sababu hawajaona nyuma. Mama akadhani watu wameguswa. Akazidi kutembea taratibu.

Halafu padri akawaomba wapige magoti kurudia ahadi zao. Wakapiga magoti. Migongo kwetu. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti bibi harusi kakaa kwenye jungu? Hakuna aliyemnyamazisha, kila mtu alikuwa anajiuliza hilo hilo.

Ni Brenda, mdogo wake Mama, aliyevua kitenge chake akaenda mpaka altareni kumfunga dada yake kiunoni. Akamnong'oneza. Mama akajishika nyuma, akatazama mkono wake. Hakugeuka. Niliona mabega yake yanatikisika. Miaka ishirini na tano anaisubiri siku ile, na mimi nilikuwa nimevaa suruali nyeusi.

Nje, wazee wamekusanyika, Mzee ameshika koti lake mkononi. Akauliza kwa sauti ya chini nini kimepakwa kwenye viti vyake. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema Mwikwabe. Naapa, nilishafika "Mwi". Stellah, aliyekwisha kuitambua ile harufu njiani, akanikatiza. Akasema ni yeye, Baba, yeye ndiye aliyenipa dawa ya viatu, alidhani inafaa. Alisema akiwa na doa lake mwenyewe amelifunika kwa mkoba. Wazee wote wakamgeukia yeye. Mzee akanitazama mimi, muda mrefu.

Nikanyamaza. Naliandika neno hili nilione kwa macho yangu. Nikanyamaza.

Habari ya wazee wangu haikuzungumzwa. Kurudi Musoma nimewaendesha wote wamekalia magunia.

Jumapili, 14 Septemba

Stellah hapokei simu. Mchana ametuma ujumbe mmoja. Amesema alifanya vile kwa ajili ya mama yake, ili siku isiharibike kwa ugomvi, siyo kwa ajili yangu. Amesema hatanijibu mpaka Baba yake asikie kutoka kinywani kwangu, na kama sitakwenda, basi nisijisumbue tena, wazee wangu wabaki kwao.

Sijawahi kujisikia mdogo hivi. Nimetumbukiza mikono kwenye maji ya moto mara tatu, kucha bado nyeusi.

Nimekaa kuandika maneno ya kwenda kusema. Barua ya kwanza, kosa ni langu lote. Niliposoma nikaona nimejionea mno. Ya pili, kosa ni letu, mimi na Jeska. Ya tatu ilianza vizuri, lakini nilipofika mwisho nikakuta mwenye kosa ni jua. Nimezichana zote. Kesho nakwenda na mdomo mtupu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimesema!

Nimefika Kigera saa kumi jioni. Mzee alikuwa uani, anasugua kiti cha nyuma kwa kitambaa chenye maji, mwenyewe. Nikatoa shikamoo. Akaitikia bila kuinuka. Mama Petronila alikuwa barazani anachambua mchele, Stellah mlangoni. Nikasimama katikati ya uwanja, nikaanza.

Nimetoa vyote. Kwamba Nairobi sijafika. Kwamba nilikwenda Bunda nijifiche. Kwamba dada wa vipodozi aliniuliza ngozi ya nani nikasema ya baba mkwe, imepasuka sehemu ya kukalia, watu wanamkalia wanne kwa mpigo. Hapo Mama Petronila akaweka ungo chini. Niliposema kwamba Jeska aliuliza kama anajikuna, Mama akashika nguzo ya baraza, akacheka mpaka machozi yakamtoka, anamwita mumewe mzee anayekaliwa. Mzee hakucheka. Nikaendelea. Mkorogo. Dawa ya viatu. Suruali yangu nyeusi. Kwenye suruali Mama aliacha kucheka. Nilipofika kwenye "Mwi" nikalia. Mtu mzima, uani kwa watu, huku kuku wananitazama.

Mzee akasema alijua tangu Jumamosi. Stellah hajui hata kupaka viatu vyake mwenyewe dawa, tangu mtoto anapakiwa. Alikuwa anasubiri aone nitachukua siku ngapi. Alinipa mpaka Jumatano, halafu angemwambia binti yake anitoe moyoni. Akasema ng'ombe akiumwa, mchungaji akisema mapema mnyama anapona, akificha anaishia kuuza ngozi. Akasema mimi nimeficha, lakini sikufikia kuuza.

Hukumu yake ni hii. Kesho nipeleke gari kwa Mwikwabe, nisimame pale mwanzo mpaka mwisho nikitazama anavyofanya. Na wazee wangu waje Oktoba, Jumamosi ya pili. Waje!

Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka mikono yangu. Stellah alinisindikiza mpaka barabarani. Hakunishika mkono, lakini alitembea karibu. Akasema anaomba kitu kimoja tu mpaka Oktoba, nisipojua jambo niseme sijui. Nikaapa kwa jina la marehemu bibi yangu.

Wakati huo Mama Petronila akatufuata na mfuko. Gauni. Akasema anataka kulivaa tena siku wazee wangu watakapokuja, ili lipate siku yake nzuri. Akauliza kama ninamfahamu dobi hodari hapa mjini anayeweza kutoa dawa ya viatu kwenye lesi.

Swali lilikuwa hilo tu. Ninamfahamu dobi? Stellah alikuwa ananitazama. Neno "sijui" lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Nikasikia mdomo wangu unasema dobi wa nini, Mama, mambo ya lesi nimeyafanyia kazi miaka mingi.

Jumanne, 16 Septemba

Asubuhi kwa Mwikwabe. Nimesimama saa tatu nzima kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nimemwambia na yeye kila kitu, pamoja na "Mwi". Akanipa kitambaa nimsaidie. Anatoa vumbi kwanza kwa brashi laini. Sabuni ya ngozi kidogo sana, kwenye kitambaa, siyo kwenye kiti. Anafuta, anaacha ikauke kivulini, ndipo mafuta ya viti, tone kwa tone. Na kweli, kila kitu anakijaribia kwanza chini ya kiti. Mabaka hayatoki yote, amesema wazi, itabidi rangi maalumu kutoka Mwanza. Alimwambia Mzee kwenye simu hivyo hivyo: hili naliweza, hili siliwezi. Mzee akamshukuru. Niliona ilivyo rahisi. Nilijisikia vibaya sana. Nikamwambia Mwikwabe kwamba mimi sasa ni mtu mpya.

Nikarudi nyumbani, nikalitoa gauni mfukoni.

Saa sita nimeliloweka kwenye petroli, fundi pikipiki anasema inakata grisi yoyote. Doa limehama. Lilikuwa nyuma, sasa liko nyuma na mikononi. Saa nane nimelitoa nikalitia kwenye dawa ya kutoa madoa, chupa mbili, bila maji ili ifanye kazi haraka. Nyeusi imepungua! Imekuwa kijani. Lesi ya mkono wa kushoto imebaki kwenye beseni nilipoinua gauni.

Mama Petronila amepiga simu kuuliza linaendeleaje. Nimesema linapendeza. Akanibariki. Stellah akachukua simu, akauliza kama kweli. Nikasema kweli kabisa. Aibu imenipanda mpaka masikioni, nikalazimika kukaa.

Lakini siyo mwisho wa dunia. Mpaka Oktoba bado mbali. Na jirani yangu anapaka nyumba yake rangi wiki hii, nyeupe, nyeupe kuliko hata gauni lenyewe lilivyokuwa dukani, na naona ndoo moja imebaki karibu nusu. Nimemuomba. Kidogo tu, ya kupaka upande wa nyuma.